Aliyeachwa getini hakuwa mgeni

Kitabu cha getini hospitalini kilikuwa na safu tano: jina, namba ya simu, anayekwenda kuonwa, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Shemeji yangu alikuwa ameshaandika jina na nusu ya namba yake mlinzi alipokivuta kitabu upande wake. "Wageni hawaingii, baba. Ni agizo." Pembeni, mdogo wangu alikuwa ameegemea nguzo, kichwa kimeinama, anasubiri uchungu umwachie apate kutembea. Ulipomwachia, akapimwa joto kwenye paji la uso, akachukua begi lake, akaingia. Shemeji akarudi kwenye gari. Alilala humo siku mbili.

Tangu 2020, mwaka wa korona, nimekuwa nikilirudia kichwani neno lile: wageni. Mlinzi hakulitunga yeye. Alipewa karatasi. Na aliyeiandika karatasi, naamini, hakumfikiria mume wa mwanamke mwenye uchungu hata kidogo. Alifikiria msururu wa saa za kuona wagonjwa: ndugu sita kwenye kitanda kimoja, watoto wanakimbia koridoni, jirani aliyekuja kumwona huyu akapitia na kwa yule. Alitaka kuukata msururu huo, akaukata wote kwa mkato mmoja. Sisemi geti halikustahili kufungwa. Lilistahili. Kosa lilikuwa kumweka mtu anayemsindikiza mwanamke leba kwenye orodha moja na waliokuja kusalimia.

Niwape kwanza haki yao waliofunga. Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba korona ni janga la dunia tarehe 11 Machi 2020. Chanjo haikuwepo. Barakoa zilikuwa adimu kiasi kwamba wahudumu walivaa moja siku nzima, na wapo waliougua na kufa. Leba nako si mahali pa kukaa mita mbili mbali na mtu: mkunga anafanya kazi uso kwa uso na mwanamke anayehema kwa nguvu na kupiga kelele, saa baada ya saa. Kati ya tarehe 22 Machi na 4 Aprili mwaka huo, hospitali mbili zinazohusiana jijini New York zilipokea wajawazito 215 waliokuja kujifungua, na karibu wote wakapimwa. Waliokutwa na virusi walikuwa 33, na kati ya hao 29 hawakuwa na homa wala kikohozi. Mkunga aliyezisoma namba hizo alijua kwamba kile kipimajoto cha getini ni pambo tu.

Kwa hiyo hofu ilikuwa na msingi. Lakini tazama kilichotokea jijini humohumo, wiki hizohizo. Katika wiki ya mwisho ya Machi hospitali kadhaa kubwa zilipiga marufuku hata mtu mmoja kuingia na mjamzito. Kelele zikapigwa, watu wengi wakasaini maombi mtandaoni, na kufikia tarehe 28 Machi Gavana Andrew Cuomo akawa ametoa amri: kila mwanamke anayejifungua aruhusiwe mtu mmoja, mradi hana dalili. Marufuku ilidumu siku chache tu. Je, virusi vilipungua katika siku hizo? Havikupungua. Vilikuwa vinapanda, na Aprili ndiyo iliyokuja kuwa mbaya kuliko miezi yote ya msimu ule. Amri haikuleta dawa wala kitanda kipya. Ilifanya jambo moja la kiofisi: ilimtoa mtu wa leba kwenye orodha ya wageni ikamweka kwenye orodha ya wanaohitajika. Hapohapo swali likageuka. Badala ya "aingie au asiingie", likawa "aingie vipi bila kuambukiza", na hilo ni swali ambalo hospitali inajua kulijibu, kwa sababu inalijibu kila siku kuhusu wauguzi, wafagizi na wapishi wake.

Yupo atakayesema huyo mtu anasaidia moyo tu, na moyo unaweza kusubiri. Hebu tuangalie.

Mwaka 1980 yalichapishwa matokeo ya utafiti kutoka Guatemala ambao huwa naurudia kila nikibishana na watu juu ya jambo hili. Katika hospitali ile wanawake waliingia leba peke yao; hapakuwa na janga lolote, ndio utaratibu uliokuwepo. Watafiti wakachukua wenye mimba ya kwanza, wenye afya, na baadhi yao wakawekewa mwanamke wa kukaa nao. Hakuwa mkunga. Hakuwa hata ndugu. Walikuwa hawajawahi kuonana. Kazi yake ilikuwa kuongea nao, kuwashika mkono, kuwasugua mgongo, na kutoondoka. Kwa waliojifungua bila matatizo, muda tangu kulazwa hadi mtoto kutoka ulikuwa wastani wa saa 8.8 kwa waliokuwa na mtu, na saa 19.3 kwa waliokuwa peke yao. Kundi lilikuwa dogo, wanawake 20 kila upande, na tofauti kubwa namna ile haikujirudia kwenye tafiti kubwa zilizofuata. Lakini mwelekeo ulibaki uleule. Mapitio ya 2017 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 26 kutoka nchi 17 na wanawake zaidi ya 15,000, yalionyesha kwamba wenye mtu wa kuwa nao muda wote walipata uchungu mfupi zaidi kwa wastani wa dakika 40 hivi, walijifungua zaidi kwa njia ya kawaida, na uwezekano wao wa kuishia kwenye upasuaji ulipungua kwa karibu robo. Waliotoka na kumbukumbu mbaya ya kujifungua walikuwa wachache zaidi pia.

Ingekuwa dawa ya vidonge yenye matokeo hayo, bei yake sifuri na madhara yake hayaonekani, hakuna hospitali ambayo ingeiondoa kwenye kabati kwa sababu ya janga. Ingeificha isiibiwe. Na Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshaipendekeza: mwongozo wake wa 2018 kuhusu huduma wakati wa kujifungua unataka kila mwanamke awe na mtu aliyemchagua mwenyewe, kuanzia uchungu hadi mtoto anazaliwa. Korona ilipoingia shirika hilo halikuurudisha nyuma ushauri huo. Lilisema unamhusu hata mwenye virusi, kwa tahadhari zake.

Msaada wenyewe ukiutazama kwa karibu ni vitu vidogo vya aibu kuviandika. Mdogo wangu aliishia kupasuliwa. Usiku wa kwanza alikuwa na dripu mkononi, mpira wa mkojo, na mshono uliomfanya ashindwe kugeuka bila kushika chuma cha kitanda. Chupa ya maji ilikuwa juu ya kabati dogo, anasema, umbali wa mkono na kiganja. Kengele ya kumwita muuguzi ilikuwa imeangukia nyuma ya kitanda. Mtoto alikuwa kwenye kitanda chake cha plastiki upande wa pili, analia. Muuguzi alikuwepo, mmoja kwa wodi nzima, na alikuwa mwisho kabisa wa wodi na mama mwingine aliyekuwa hali mbaya zaidi. Mdogo wangu aliitazama ile chupa hadi saa kumi alfajiri. Mtu wa kuisogeza sentimita thelathini alikuwa amelala kwenye kiti cha mbele cha gari, mita mia mbili kutoka hapo, simu kifuani.

Naomba isisomeke kama lawama kwa muuguzi yule. Yeye ndiye aliyedhulumiwa wa pili. Kila ndugu aliyefungiwa nje aliacha kazi fulani ndani: kushika mtoto mama akienda chooni, kukimbia kuita mtu, kusaidia kuweka titi la kwanza mdomoni mwa mtoto asiyejua kunyonya. Kazi hizo hazikufutwa na agizo. Zilihamishiwa kwa watu walewale ambao wenzao nusu walikuwa karantini.

Na kuna kazi moja ambayo haina mtu wa kuhamishiwa: kuona. Mwaka 2019 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Ghana, Guinea, Myanmar na Nigeria, ambamo watafiti walikaa wodini wakitazama wanawake wakijifungua. Kati ya wanawake 2,016 waliotazamwa, 838 walipigwa, walitukanwa au walinyanyapaliwa. Hiyo ni huku mtafiti na daftari lake akiwa chumbani! Mwanamke aliyepanuka njia ya uzazi sentimita nane hana nguvu za kumwambia mtu "usinifanyie hivyo bila kuniuliza". Aliye pembeni yake anazo, na mara nyingi hata hahitaji kusema. Kuwepo kwake kunatosha kushusha sauti. Ukimtoa msindikizaji umemtoa na shahidi. Sisemi hospitali zilikuwa na nia hiyo. Nasema matokeo ndiyo hayo, na aliyeandika agizo hakuyaweka kwenye mizani.

Hapa lazima nikiri jambo ambalo wanaharakati wa upande wangu huwa hawapendi kulisema. Kufungwa kwa geti kulikuwa na utamu wake. Wapo akina mama, mmoja ni rafiki yangu wa karibu, wanaozikumbuka wodi za 2020 kama sehemu tulivu kuliko zote walizowahi kulala. Hakuna aliyekuja kumbusu mtoto kwa mdomo wa mafua. Hakuna aliyeuliza mbona maziwa hayatoki huku watu wanane wakitazama. Walilala, walinyonyesha vifua wazi bila kumhofia mtu, waliongea na mama wa kitanda cha pili. Wakunga wengi waliliona hilo pia. Nami nasema ni kweli, na ni ushahidi wangu. Mgeni huja kumwona mtoto. Msindikizaji huja kwa ajili ya mama. Ukiwaondoa wageni mama anapumzika. Ukimwondoa msindikizaji mama anabaki anaitazama chupa ya maji. Agizo lililowajumuisha wote wawili lilileta nafuu na mateso kwa karatasi moja, na ndiyo maana mpaka leo watu wakilizungumzia wanapishana kama vile hawakuwa hospitali za aina moja.

Uingereza walijaribu njia ya katikati, na njia hiyo ilikuwa na kituko chake. Katika hospitali nyingi mume aliruhusiwa, lakini leba ikishakolea tu. Nani anajua imekolea? Kipimo ni njia kufunguka, na kule huhesabiwa kuanzia sentimita 4. (Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaanza kuhesabu kwenye 5, kwa hiyo hata wataalamu hawakubaliani mstari ni wapi.) Basi wanaume wakakaa kwenye maegesho ya magari wakisubiri simu ya sentimita. Kila aliyewahi kukaa na mwanamke mwenye mimba ya kwanza anajua kwamba saa ndefu na za kutisha ni zile za mwanzo, sentimita mbili, tatu, tatu na nusu, ambapo huambiwi chochote isipokuwa bado. Kupima kwenyewe ni kuingizwa vidole. Kipimo cha kumsaidia mkunga kujua leba inaendaje kikawa ufunguo wa mlango: mwanamke anakubali apimwe, huku moyoni anaomba namba ipande si kwa ajili ya mtoto bali mumewe apandishwe ghorofani. Na wengine walifunguka haraka, mume akafika mtoto ameshafutwa na kufungwa nguo.

Vipimo vya picha za mimba viliendelea hivyohivyo, mwanamke peke yake. Mara nyingi ilikuwa furaha asiyoweza kumwonyesha mtu. Mara nyingine mpimaji alinyamaza, akageuza skrini upande wake, akasema anaomba kumwita daktari. Wanawake walipokea habari kwamba moyo wa mtoto haupigi wakiwa hawana mtu wa kumgeukia, kisha wakatembea wenyewe mpaka kwenye gari kumwambia baba yake.

Wiki za kwanza nazisamehe zote. Sijui ningeandika nini kama kalamu ingekuwa mkononi mwangu Machi ile. Ninachoshindwa kusamehe ni mwezi wa nne, wa sita, wa tisa. Baa za England zilifunguliwa tena tarehe 4 Julai 2020. Mwanamume aliweza kukaa humo akanywa na marafiki, asiweze kukaa kando ya mkewe anayetapika kwa uchungu. Ilifika tarehe 14 Desemba mwaka huo ndipo mamlaka ya afya ya England ilipotoa mwongozo wenye maneno makali kiasi cha kutosha, kwamba mwanamke awe na mtu wake katika kila hatua ya huduma ya uzazi. Siku sita kabla ya hapo chanjo zilikuwa zimeanza kutolewa nchini humo. Hivyo ndivyo maagizo ya dharura yalivyo: kuyaandika ni kazi ya mchana mmoja, kuyafuta kunahitaji kamati, na kamati ilikuwa na mambo ya kufa na kupona ya kushughulikia. Aliyefungiwa nje hakuwa na mtu mezani.

Hoja ya maambukizi nayo ilichunguzwa kwa uvivu. Mume na mke wanalala kitanda kimoja. Kama mmoja ana virusi, mwenzake huenda anavyo, na mke ameshaingia ndani. Hatari anayoiongeza mtu mmoja anayekaa chumba kimoja, hatoki, amevaa barakoa, ni ndogo kuliko ya mtu anayeingia na kutoka mara tatu kwa siku. Ipo, sikatai: atakwenda choo, atakutana na watu koridoni, barakoa yake ni moja imepungua kwa muuguzi. Lakini hatari ndogo inayojulikana hupimwa dhidi ya hasara, na hasara haikuhesabiwa kabisa, kwa sababu mgeni akikosekana hakuna kinachopotea. Neno lilishafanya hesabu kabla ya mtu yeyote.

Mantiki hiyohiyo iliwafikia watoto. Aprili 2020 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri mama mwenye virusi atenganishwe kwa muda na mtoto wake mchanga. Julai kikabadili ushauri, wakae chumba kimoja kwa tahadhari. Miezi mitatu tu, na kwa kuwa ushahidi ulitafutwa. Laiti suala la msindikizaji lingetafutiwa ushahidi kwa kasi ileile.

Kuna lingine linalonikera zaidi kuliko hayo yote. Kwa mamilioni ya wanawake, 2020 haikubadilisha kitu. Katika hospitali nyingi za umma zilizofurika duniani, mwanamke alikuwa akiingia leba peke yake miaka mingi kabla ya korona, na sababu anayopewa ni faragha: vitanda vimepangwa safu moja, hakuna pazia, mume wa huyu atamwona mke wa yule. Ni sababu ya kweli. Tiba yake ni pazia. Au, pazia likishindikana, mwanamke mwenzake: mama, dada, rafiki, kama yule mgeni wa Guatemala ambaye hakuhitaji hata kujuana na mtu. Nchi tajiri zilionja kwa wiki au miezi jambo hilo, zikalipigia kelele kama dhuluma, na zilikuwa sahihi. Lakini kelele zilikuwa za kutaka kurudi ilivyokuwa zamani. Wapo ambao zamani yao ndiyo hiyo.

Na muda wa kufukuza watu mapema kuliko wote ulikuwa baada ya kujifungua. Hata palipokuwa na huruma leba, saa moja au mbili baada ya mtoto kuzaliwa baba aliambiwa aende nyumbani. Ndio muda ambao mama hutokwa damu. Kutokwa na damu nyingi ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya akina mama wakati wa uzazi duniani, na saa 24 za kwanza ndizo za kuangaliwa. Mwanamke anayeishiwa damu taratibu hapigi kelele, anasinzia. Muuguzi anayepita kila baada ya muda anaona mama amepumzika. Anayemjua huyo mama ndiye anayesema, hapana, huyu halali hivi, shuka imelowa, njooni.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023. Mwaka jana mdogo wangu alikwenda kujifungua mtoto wa pili, hospitali ileile. Kitabu cha getini kipo, safu zake tano zipo, na safari hii shemeji aliruhusiwa kujaza zote. Alimfikisha mkewe hadi mlango wa leba, begi mkononi. Mlangoni palikuwa na karatasi ndani ya plastiki, imepauka, kona moja imebanduka: WAGENI HAWARUHUSIWI KUPITA HAPA. Chini yake, kwa herufi ndogo, UVIKO-19, Aprili 2020. Akamwonyesha muuguzi tarehe ile.

"Tunajua, baba," muuguzi akamjibu, akimpokea begi. "Hakuna aliyetuambia tuitoe."